UZI: Tunacholipa kwa simu kuwa nyembamba, kuanzia betri hadi tundu la chaji

Fundi wa Msamvu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita jamaa wa bodaboda alikuja benchini kwangu hapa Morogoro na simu nzuri, nyembamba sana, haijamaliza hata mwaka. Akaniomba nimtafutie betri kubwa kuliko iliyomo. Simu inamzimia saa tisa alasiri. Ikishazima wateja hawampati, na abiria anayetaka kulipa kwa simu inabidi atume kwenye namba ya rafiki yake. Nikaifungua tukaangalia pamoja. Ndani hakuna nafasi hata ya kupenyeza karatasi. Nikamwambia, ndugu yangu, betri kubwa ya simu hii haipo duniani. Nafasi yake walishaikata kiwandani.

Alipoondoka nikachukua vernia, kile kipimo cha unene, nikapima betri ya 5,000 mAh (mAh ndiyo kipimo cha umeme ambao betri inahifadhi) iliyokuwa kwenye boksi la mabovu. Urefu sentimita 9, upana 6.5, unene milimita 4.7. Gawa 5,000 kwa 4.7 utaona kila milimita moja ya unene inabeba mAh 1,000 na kidogo. Hii ni hesabu ya shule ya msingi, lakini sijawahi kuiona kwenye tangazo la simu. Tangazo linakwambia simu imepungua unene, halikwambii kilichokuwa ndani ya unene huo.

Na hili si la kukisia, maana kampuni zenyewe zimeshatufanyia jaribio mbele ya macho yetu. Mwishoni mwa 2011 Motorola walitoa Droid Razr yenye milimita 7.1 na betri ya 1,780. Januari 2012 wakatangaza Droid Razr Maxx. Kioo kilekile, prosesa ileile, ila mgongo umeongezwa hadi milimita 8.99 na betri ikawa 3,300. Milimita zisizofika mbili zimekaribia kuifanya betri kuwa maradufu.

Samsung nao. Galaxy S5 ya 2014 ilikuwa na milimita 8.1 na betri ya 2,800. Kifuniko unakibandua kwa kucha, betri unaitoa mwenyewe, na bado simu ilikuwa na kiwango cha IP67 cha kuvumilia maji. Mwaka 2015 ikaja S6: milimita 6.8, betri 2,550, mgongo wa kioo uliobandikwa kwa gundi, sehemu ya kadi ya memori imeondolewa. Mwaka mmoja tu baadaye S7 ikarudi milimita 7.9, betri 3,000, kadi imerudi. Mimi nasoma mfululizo huo kama watu waliovuka mpaka wakaona wamekosea njia.

Halafu 2025 mbio zikaanza upya. Chukua simu mbili za Samsung za mwaka huo zenye kioo cha ukubwa mmoja, inchi 6.7. Galaxy S25+ ina milimita 7.3 na betri 4,900. Galaxy S25 Edge ina milimita 5.8 na betri 3,900. Kwa milimita moja na nusu umetoa mAh 1,000, umetoa kamera ya kuvuta mbali, na kasi ya chaji imeshuka kutoka wati 45 hadi 25. Apple nao Septemba 2025 wakaleta iPhone Air: milimita 5.6, betri 3,149, kamera moja nyuma, spika moja. Siku hiyohiyo wakaleta na betri ya pembeni ya kubandika mgongoni kwa sumaku, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu hiyo. Ukiibandika, unene uliokatwa umeurudisha, na umeulipia mara ya pili.

Hoja yangu ni moja. Kwa mtu ambaye simu ndiyo benki yake, ndiyo tochi yake na ndiyo ofisi yake, milimita moja ya ziada ina thamani kubwa kuliko wembamba wowote, na anayenunua simu ana haki ya kuambiwa hesabu hiyo kabla hajatoa hela. Karibuni tujadili, hasa wale msiokubaliana nami.

---

Dada wa Dodoma

Fundi, mimi sikubaliani, na nakuomba unisikilize vizuri.

Ninyi wanaume mna mifuko. Nguo zetu nyingi hazina mfuko, na wenye mfuko mara nyingi ni wa kuingia funguo tu. Simu naishika mkononi au naiweka kwenye mkoba mdogo pamoja na vitu vingine. Nilinunua simu ya betri 7,000, nikatumia miezi minane. Chaji ilikuwa inakaa siku mbili, sikatai. Lakini mimi ni mwalimu, usiku nasahihisha na kuandaa masomo kwenye simu, naishika mkono mmoja saa nzima. Kidole kidogo kinachobeba simu kwa chini kilianza kuuma hadi nikawa nakifunga bendeji. Ikaniangukia usoni nikiwa nimelala mara mbili. Nikaiuza.

Sasa natumia nyembamba. Nachaji asubuhi, nachaji jioni. Kwangu hayo ni maisha yenye unafuu. Usituambie wote tunahitaji kitu kimoja.

---

Fundi wa Msamvu

Dada, umesema kitu cha kweli ambacho mimi niliyekaa kwenye kiti na vernia sikukipa uzito wake. Asante.

Tutenganishe unene na uzito lakini. Milimita moja ya betri kama ile niliyopima ni kama gramu 15 hivi. Kwenye simu ya gramu 185 hiyo ni chini ya moja ya kumi. Simu yako ya 7,000 ilikuwa nzito kwa sababu kila kitu kilikuwa kikubwa: kioo kikubwa, fremu nene, betri imepita kiwango. Mimi sitetei tofali. Mwaka 2019 ilionyeshwa simu yenye jina la Energizer, betri 18,000, unene milimita 18. Wakaomba watu wachange hela mtandaoni ili itengenezwe, michango haikufika hata karibu. Watu walisema hapana, na walikuwa sahihi.

Ninachotetea kiko katikati, pale kwenye milimita 8 na nusu hadi 9, ambako mkono hauumi na siku inaisha simu ikiwa hai.

Ila kwenye kuchaji asubuhi na jioni kuna jambo naomba ulijue. Betri haihesabu siku, inahesabu mizunguko. Ukitumia asilimia 50 leo na 50 kesho, huo ni mzunguko mmoja. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kilikuwa mizunguko 500, baada ya hapo betri inabaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Mwenye betri ya 5,000 anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku atafika 500 baada ya miezi 16. Mwenye betri ya 3,000 na matumizi yaleyale anafanya mzunguko mmoja na theluthi mbili kwa siku, anafika 500 ndani ya miezi 10. Kwa hiyo betri ndogo inakunyima chaji leo, na pia inazeeka mapema. Hasara inakukuta mara mbili.

Betri iliyozeeka haipungui ujazo tu. Volti inashuka ghafla prosesa inapodai umeme mwingi, simu inazima ikiwa inaonyesha asilimia 30. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba programu yao inapunguza kasi ya iPhone 6, 6s, SE na 7 zenye betri zilizochoka ili zisizime hivyo. Mwezi huohuo wakatangaza kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Februari 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja. iPhone 6 ya 2014 ilikuwa milimita 6.9, betri 1,810. Nenda ukaone mwenyewe ni nafasi kiasi gani ilibaki ya kuzeekea.

---

Mvuvi Ukerewe

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo.

Mimi nachangia kidogo. Huku kisiwani kuna sehemu umeme upo na kambi za uvuvi ambako haupo. Kambini tunachajisha kwa mwenye sola, unalipa kwa kila simu ukiipeleka. Halipishi kwa dakika, analipisha kwa simu. Sasa ukiwa na betri ndogo unalipa kila siku, mwenye betri kubwa analipa mara moja kwa siku mbili. Hilo dada wa Dodoma hawezi kuliona akiwa Dodoma, na simlaumu.

Zamani nilikuwa na kitochi cha Nokia na betri mbili. Moja kwenye simu, nyingine kwenye kobe inachajiwa. Nikirudi ziwani nabadilisha, nusu dakika kazi imekwisha. Hakuna chaji ya haraka iliyowahi kushinda hiyo.

---

Fundi wa Msamvu

Marahaba mzee... nisamehe, shikamoo mzee wangu! Kobe umenikumbusha mbali: ile chaja inayoibana betri peke yake kwa vijino viwili, unachomeka ukutani, taa zinawaka za rangi rangi.

Nokia 1100 ilitoka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250. Ndani ilikuwa na betri ya BL-5C, 850 mAh tu. Leo 850 haifiki hata robo ya betri nyingi za sasa, lakini kioo chake kidogo cha nyeusi na nyeupe kilikuwa hakidai kitu. Na angalia uhai wa ile betri: simu zimekufa, BL-5C bado inauzwa kila duka kwa sababu redio ndogo na spika nyingi za mtaani zimetengenezwa kuipokea. Betri inayotoka inaishi kuliko kifaa chake. Betri ya gundi inakufa na kifaa chake.

Kwa nini wameiziba? Betri ya kubandua inahitaji ganda gumu ili isitobolewe mfukoni na kucha au funguo, na simu inahitaji ukuta kati ya betri na saketi, kisha kifuniko juu. Ganda, ukuta na kifuniko vinakula unene. Betri ya gundi ni mfuko laini wa karatasi ya alumini, unaulaza moja kwa moja kwenye fremu. Umeokoa nafasi, kweli. Ila mfuko laini unataka upumue. Unavimba kidogo kila mwaka.

Galaxy Note 7 ya 2016 ilitufundisha hilo kwa moto. Ilitoka Agosti, ikasimamishwa kabisa Oktoba. Januari 2017 Samsung wakaeleza: betri za mtengenezaji wa kwanza zilibanwa kwenye kona ya juu kulia hadi bamba za ndani zikapinda, za mtengenezaji wa pili zilikuwa na vinundu vya kuchomelea vilivyotoboa kitenganishi, ule utando unaotenga pande mbili za betri. Makosa mawili tofauti, lakini yote yanakumbusha kwamba betri iliyojazwa hadi ukingoni haina uvumilivu wa kosa dogo.

Mimi kila mwezi napokea simu ambazo kioo kimeinuka pembeni, mwenyewe anadhani kimeachia gundi. Nikifungua, betri imekuwa mto. Tafadhali, ukiona kioo kinainuka usikibonyeze kirudi. Acha kuichaji, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

---

Kijana wa Likoni

Fundi nakusoma toka Mombasa. Swali langu ni hizi chaji za haraka. Simu yangu inajaa dakika arobaini hivi. Sasa kama inajaa upesi namna hiyo, si basi haja ya betri kubwa imeisha? Halafu wengine hunambia inaua betri. Ukweli ni upi?

---

Fundi wa Msamvu

Kaka, wati ni volti mara ampea. Ukitaka wati nyingi unapandisha kimojawapo.

Qualcomm, watengeneza prosesa za simu, kwa chaji yao ya haraka iitwayo Quick Charge 2.0 walipandisha volti hadi 9 au 12. Betri inataka kama volti 4, kwa hiyo simu inazishusha ndani yake, na kushusha huko kunazaa joto mkononi mwako. Oppo mwaka 2014 kwa chaji yao ya haraka iitwayo VOOC wakachukua njia nyingine: volti zikabaki 5, ampea zikawa 4, na kazi ya kurekebisha ikahamia kwenye kichwa cha chaji. Ndiyo maana kichwa kile ni kikubwa, kinachemka chenyewe, na waya wake lazima uwe mnene. Ukitumia waya mwingine simu inachaji kwa mwendo wa kobe, na hapa siongelei kobe la mzee wa Ukerewe. Siku hizi simu za wati nyingi sana hugawa betri vipande viwili vilivyoungwa mfululizo ili volti iwe maradufu na ampea zipungue. Vipande viwili vina kuta mbili na masikio mawili ya kuunganisha, kwa hiyo kuna ujazo kidogo unaopotea. Kila kitu humu kina bei yake.

Kinachoua betri ni joto, na kukaa muda mrefu kwenye asilimia 100. Chaji ya haraka iliyotengenezwa vizuri inasukuma kwa nguvu betri ikiwa tupu, kisha inapunguza ikikaribia kujaa. Hiyo haitishi. Inayotisha ni kuchaji haraka simu ikiwa na kava nene, juani, kwenye dashibodi ya daladala, huku unacheza gemu.

Na swali lako la kwanza ndilo zito zaidi. Chaji ya haraka inamfaa mtu ambaye umeme uko ukutani kila anapouhitaji. Inajibu "nitasubiri muda gani?" Mvuvi, dereva wa lori wa Tunduma, mkulima wa Mahenge, wao wanauliza "nitafika lini kwenye umeme?" Hayo ni maswali mawili, na kampuni inapoyachanganya ndipo inapouza betri ndogo kwa kisingizio cha wati.

---

Mdau Hamburg

Habari za huko nyumbani. Huku Ulaya baadhi ya haya yamekuwa sheria, nadhani yafaa kuyajua kwa sababu simu nyingi zinazofika huko zinatoka kwenye miundo ileile.

Oktoba 4, 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha tundu la chaji la aina moja kwa kura 602 dhidi ya 13. Kuanzia Desemba 28, 2024 simu mpya zinazouzwa hapa lazima zichajiwe kwa USB-C. Apple waliwahi, iPhone 15 ya Septemba 2023 ikaja nayo. Kisha tangu Juni 20, 2025 simu mpya zina lebo kama ile ya friji: inaonyesha betri inakaa saa ngapi kwa chaji moja, inavumilia mizunguko mingapi, ugumu ikianguka, na urahisi wa kuitengeneza kutoka A hadi E. Betri lazima ibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na vipuri vipatikane miaka 7.

Nilipoona lebo hiyo dukani kwa mara ya kwanza nilisimama nikaisoma yote. Hesabu ambayo fundi anaidai imeandikwa pale, mbele ya mteja, kabla hajalipa.

---

Fundi wa Msamvu

Mkuu wa Hamburg, umenifurahisha sana na hiyo lebo. Natamani ingebandikwa na huku kwetu.

Umegusa tundu, basi niseme, maana hapa ndipo ninapopatia ugali wangu. Simu nyingi ninazopokea hazina ubovu wa betri wala kioo. "Haiingizi chaji, mpaka uulaze waya hivi." Tundu limechoka.

Wakongwe tunakumbuka pini nene ya Nokia, duara la milimita 3.5, kisha pini nyembamba ya milimita 2. Zilikuwa za umeme tu, hazipitishi data, na mara chache sana nilizikuta zimekufa. Kila kampuni nyingine ilikuwa na lake, duka la vinywaji lilikuwa na chaja yenye vichwa vinane kama pweza. Mwaka 2007 ikatangazwa Micro-USB, ile ambayo mtaani wengi huiita taipu B. Waliifikiria vizuri kuliko watu wanavyodhani: ndoano zinazoshika zilihamishiwa kwenye waya, ili kinachochoka kiwe waya wa bei rahisi na tundu la simu libaki. Kiwango chake ni kuchomeka mara 10,000. Tatizo lake ni upande mmoja. Mtu anachomeka gizani, anageuza, analazimisha, kijiulimi cha ndani kinapinda.

Septemba 2012 Apple wakaja na Lightning, unachomeka upande wowote. Ulimi uko kwenye waya, mgumu, ni vigumu kuuvunja. Lakini vijispringi vinavyogusa vile vijistari vya dhahabu viko ndani ya simu. Vikilegea, ni simu iliyolegea. USB-C, ambayo maelezo yake yalikamilika Agosti 2014, ilifanya kinyume: springi ziko kwenye waya, zikichoka unanunua waya. Ulimi mwembamba wenye pini 24, 12 juu na 12 chini, uko katikati ya tundu la simu, na huo ukivunjika, kazi kwangu. Sasa utaona kwamba hakuna tundu lisilo na dhambi. Mhandisi anachagua tu kitakachovunjika kiwe upande gani. Kwa maoni yangu USB-C imechagua sahihi, kwa sababu nimeona nyaya zilizochoka mara nyingi kuliko ndimi zilizovunjika.

Nyingi ya hizo "zilizolegea" ni vumbi. Pamba ya mfukoni inaingia, kila ukichomeka unaishindilia, baada ya mwaka inakuwa kama zulia chini ya tundu na waya hauingii mpaka mwisho. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mti, taratibu kando ya ulimi. Usitumie sindano wala pini. Nimebadilisha matundu mengi yaliyouawa na sindano ya mama mwenye nyumba.

Mambo mengine mawili ya USB-C yanayowachanganya watu. La kwanza, redio, tochi na spika nyingi za bei ya chini zina tundu C, lakini ukitumia waya wenye C pande zote mbili hazichaji kabisa, ukitumia wenye USB ya kawaida upande mmoja zinachaji. Kifaa si kibovu. Mtengenezaji aliruka rezista mbili ndogo za kilo-ohm 5.1 zinazokiambia kichwa cha chaji "mimi nipo, nipe umeme." La pili, waya mbovu ni hatari kweli. Mwaka 2015 injinia wa Google, Benson Leung, alianza kununua nyaya za USB-C mtandaoni na kuzipima hadharani moja baada ya nyingine, na mwaka uliofuata waya mmoja uliounganishwa vibaya ukamuulia kompyuta. Waya wa shilingi elfu mbili unaweza kukugharimu simu.

Na wembamba unarudi tena hapa. Kwenye simu nyingi za bei ya kawaida tundu la chaji limewekwa kwenye kibodi kidogo cha chini, yaani bodi ndogo ya saketi, kinatoka kwa skrubu chache. Nakibadilisha nusu saa na gharama inavumilika. Nyingine tundu limechomelewa kwenye bodi kuu, hapo ni blowa, lehemu, na dua. Apple kwa iPhone Air walisema wamechapa tundu la titani kwa printa ya tabaka ili litoshee kwenye wembamba ule. Ni kazi ya ajabu, naiheshimu. Lakini najiuliza fundi wa Ifakara atalipata wapi.

---

Dada wa Dodoma

Fundi na lile tundu la spika za masikioni? Tuliambiwa limeondolewa simu iwe nyembamba.

---

Fundi wa Msamvu

Dada, mwaka 2014 Vivo walitoa X5 Max, milimita 4.75, na tundu la 3.5 lilikuwamo. Ni nyembamba kuliko iPhone Air ya leo. Kwa hiyo wembamba peke yake si jibu. Kuna urefu wa ndani pia, lile tundu linaingia ndani sana na kuchukua nafasi ya betri, hilo nakubali. Lakini lilipoondolewa kwenye iPhone 7 mwaka 2016, tundu la chaji lilibaki peke yake likifanya kazi za mawili. Mtu akisikiliza redio kwa waya anatumia tundu la chaji, na linachoka kwa kasi.

---

Mvuvi Ukerewe

Sasa fundi nimalizie. Nataka kubadilisha simu mwezi huu. Wananiambia zimekuja betri za silikoni, nyembamba na kubwa kwa pamoja. Nisubiri?

---

Fundi wa Msamvu

Mzee wangu, hizo zipo kweli na zimenipa matumaini. Upande hasi wa betri ya kawaida ni grafaiti, gramu moja inahifadhi kama mAh 372. Silikoni kinadharia inabeba karibu mara kumi, ila ikijaa inatanuka hadi mara tatu au zaidi, ikitoa inanywea, mwisho inapasuka. Wameichanganya na kaboni, kiasi kidogo, ili izoee. Honor walianza 2023 na Magic5 Pro ya China, OnePlus 13 ikaja na 6,000 ndani ya mwili usiofika milimita 9. Wasiwasi wangu ni kwamba kampuni nyingine zitachukua nafasi iliyopatikana na kukata unene tena badala ya kutuongezea siku.

Usisubiri. Chukua yenye 5,000 au 6,000, shika mkononi kwanza uone kama inakulemea. Muulize muuzaji mbele yako, kibodi cha chaji cha simu hii kinauzwa bei gani? Akicheka au asijue, nenda duka la pili. Tundu liwe C. Ukifika nyumbani weka kikomo cha chaji asilimia 80 kwa siku za kawaida, ukienda kambini jaza yote. Na kitochi chako usikitupe, kikae kwenye boti na laini ya pili.

Yule jamaa wa bodaboda alibadilishana simu yake na ya shemeji yake, nene, nimeipima ni milimita 9.1, betri 5,000, niliibadilisha mwenyewe Jumatatu. Nimempigia sasa hivi, saa mbili na nusu usiku. Amepokea. Anasema inamlemea kwenye mfuko wa koti, na imebaki asilimia 31.